Mtoto wangu na sigara: maswali ambayo wazazi wa Dar wananiuliza sana

Mimi ni nesi, kazi yangu ni watu wenye matatizo ya kifua, na jioni au wikiendi huwa naitwa kwenye vikao vya wazazi huku Temeke na Mbagala kuongea kuhusu watoto na uvutaji. Maswali yanajirudia, wengine wananifuata hadi nyumbani wananiuliza kwa sauti ya chini maana wanaona aibu, kwa hiyo nimeona niyaandike yote sehemu moja. Sijayapanga kwa utaalamu, nimeyaweka jinsi yanavyokuja. Ila nitangulize hili: mtoto wa Dar atafundishwa habari za sigara na mtu, usipomfundisha wewe atafundishwa kijiweni, na kijiweni muda wa kuongea wanao.

Wangu ana miaka 10 tu. Nikianza kumwambia habari za sigara si nitakuwa namfumbua macho?

Macho yalishafumbuka mama. Hebu toka naye kwa mguu hadi kituo cha daladala uangalie vizuri. Utamkuta yule kijana wa karanga anayechezesha sarafu mkononi, kwenye kile kibao chake kuna karanga, pipi, bigijii na sigara, vyote vimekaa pamoja, na zinauzwa moja moja. Mwanao ananunua pipi hapo hapo ambapo mtu mzima ananunua fegi. Anaona inavyowashwa, anaona kondakta kaiweka sikioni, anajua hadi bei. Asichokijua ni wewe unafikiria nini kuhusu hiyo kitu, kwa sababu hujawahi kusema.

Anza miaka 9 au 10, na iwe kidogo kidogo. Sentensi mbili leo, wiki ijayo nyingine. Shirika la Afya Duniani wanakadiria watoto wa miaka 13 hadi 15 wanaotumia tumbaku duniani ni karibu milioni 37, kwa hiyo ukisubiri afike Form Two umeshachelewa. Halafu kuna hili la kutia moyo: Marekani walipochunguza watu wazima wanaovuta kila siku waliona karibu 9 kati ya 10 walijaribu mara ya kwanza kabla ya miaka 18 au wakiwa na hiyo hiyo 18. Yaani ukimvusha hapo katikati bila kuanza, uwezekano wa kuanza ukubwani ni mdogo sana. Ni miaka michache tu unayopigania.

Nianzeje? Nikimwita tu "njoo ukae hapa" anajua kuna kesi na anafunga mdomo.

Usimwite. Kumuita kijana sebuleni, baba kwenye kochi, mama pembeni, TV imezimwa, hicho tayari ni kikao cha mahakama na yeye ndo mshtakiwa. Vijana wanaongea mkiwa mnafanya kitu kingine, mikono ina kazi na macho hayatazamani. Mnamenya viazi, mnatembea kwenda gengeni, mmekaa kwenye foleni ya Kilwa Road.

Kuna baba mmoja ni bodaboda, mwanae yuko Form Two, walikuwa wanaosha pikipiki Jumamosi asubuhi. Alinisimulia walivyoongea na nikamuomba niwe naelezea wenzake, ilikuwa hivi:

"Hivi pale kijiweni kwenu siku hizi wanaovuta ni wengi?"

"Ah baba, wapo wapo tu."

"Wa darasani kwako wamo?"

"Wawili watatu hivi."

"Na wewe wameshakupa?"

Kijana akakaa kimya, anasugua rimu. Baba naye hakuongeza neno, akaendelea na tangi lake. Baadaye ndo kijana akasema, "Walinipa pafu moja siku ya mechi. Nikakohoa, wakanicheka."

"Ukawaambiaje?"

"Sikusema kitu."

"Siku nyingine ukikosa la kusema, waambie mzee ananinusa kila nikirudi. Nisingizie mimi. Sawa?"

"Sawa baba."

"Haya lete maji tusuuze."

Basi. Hayo mazungumzo hayakufika hata dakika tano. Angalia pale kijana aliposema pafu moja: baba wengi hapo wangeruka juu, wangeuliza nani kakupa, wapi, saa ngapi, na huyo mtoto asingesema tena kitu mpaka aoe. Huyu alimeza mshtuko wake, akaendelea kuosha, na badala ya hotuba akampa mtoto sentensi ya kutumia. Kazi yote ilikuwa hapo.

Nikimwambia kansa anacheka, anasema watu wote watakufa. Nimwambie madhara gani sasa?

Kansa usiiache maana ni kweli, lakini usianze nayo. Mtoto wa miaka 15 ukimwambia utaumwa ukiwa na 60 ni sawa na umemwambia habari za mtu mwingine. Anza na vya leo.

Pumzi. Kama anacheza mpira hapa ndo umemshika. Moshi wa sigara una kaboni monoksaidi, gesi ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani wakiwa wamefunga madirisha. Ikiingia kwenye damu inang'ang'ania himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo inakuwa kama daladala la asubuhi, siti zote zimeshakaliwa na oksijeni inabaki kituoni. Ndo maana mvutaji anachoka mapema kipindi cha pili. Mwambie hivyo hivyo, ataelewa.

Hela. Chukua bei ya sigara moja hapo mtaani kwenu mpige hesabu pamoja kwenye simu. Tufanye ni shilingi 200 na anavuta 5 kwa siku, hiyo ni 1,000, kwa mwaka ni 365,000. Usimalizie wewe, mwache aseme mwenyewe hiyo hela ingenunua nini, na atasema haraka sana.

Kutawaliwa. Hii wazazi wengi hawaitumii na kwa vijana ndo kali kuliko zote, kwa sababu kijana hataki kuendeshwa na mtu. Nikotini, ile kemikali ya tumbaku inayomnasa mtu, inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20 toka avute, na ubongo wa binadamu unaendelea kujengwa mpaka kwenye miaka 25 hivi, kwa hiyo wa kijana unanasa haraka kuliko wa mtu mzima. Muulize anamjua nani mtaani ambaye hawezi kunywa chai asubuhi kabla hajavuta, anayeweza kukosa nauli ila fegi hakosi. Atakutajia kwa jina. Halafu mwambie kuna kesi Marekani ambazo nyaraka za ndani za kampuni za sigara ziliwekwa hadharani mwaka 1998, na humo ikaonekana waliwachunguza vijana kwa miaka mingi kama wateja wao wa kesho. Vijana wakisikia hiyo wanakasirika, na hasira hiyo inasaidia.

Na TB. Hapa Dar tunabanana, chumba kimoja watu watano, daladala limejaa mpaka mlangoni. Mvutaji ana hatari ya kuugua TB mara mbili hadi mbili na nusu ya asiyevuta. Hiyo haisubiri uzee.

Kansa na moyo sasa unaweza kuweka mwisho. Moshi una kemikali zaidi ya 7,000 na zisizopungua 70 zinajulikana zinaleta kansa, tumbaku inaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka duniani, na wanaoendelea kuvuta bila kuacha mpaka nusu yao inawaua.

Anasema yeye anavuta moja moja tu wikiendi, hajawa mvutaji.

Hakuna aliyeanza na pakiti. Kijana anaweza kuonyesha dalili za kunaswa kabla hata hajafikia kuvuta kila siku, anaanza kuwaza Ijumaa ifike, anaanza kutafuta sababu ya kwenda pale wanapovutia. Na kuhusu moyo, uchambuzi mkubwa uliochapishwa Uingereza mwaka 2018 ulionyesha kwamba anayevuta sigara moja tu kwa siku anabeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayobeba anayevuta 20. Watu wanadhani ukivuta sehemu moja ya ishirini hatari nayo ni sehemu moja ya ishirini, kumbe haiendi hivyo kabisa.

Babu yake alivuta mpaka akafikisha miaka 90. Nimjibu nini?

Mwambie babu ana bahati na tumshukuru Mungu. Halafu muulize wale wenzake babu waliokuwa wanavuta naye wako wapi.

Na shisha? Binti yangu anasema ile ni fleva tu, moshi unapita kwenye maji unasafishwa.

Hapa naomba niongee kwa kirefu maana shisha imewapata watoto ambao sigara wasingeigusa, hasa mabinti. Sigara kwa msichana wa Dar ni aibu, ila shisha ni picha nzuri ya Instagram, taa za rangi, harufu ya tofaa au mint, washkaji wanacheka. Na mama naye akisikia "fleva" anapumua, anaona afadhali.

Sio afadhali. Maji yanapooza moshi, hayausafishi. Ukipoa unakuwa laini kooni kwa hiyo mtu anavuta ndani zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Shirika la Afya Duniani wanasema kikao cha shisha cha saa moja hivi mtu anaweza kuvuta moshi mwingi mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja. Soma tena hiyo namba. Nikotini imo kwenye ile tumbaku yenye fleva, na juu yake kuna mkaa unaowaka, kwa hiyo ile kaboni monoksaidi niliyosema inakuja kutoka pande mbili, kwenye tumbaku na kwenye mkaa. Wale wanaopata kizunguzungu na kichwa kuuma wakasema "imenikubali" wengine ni hiyo gesi imewapanda. Bado sijasema habari ya ule mpira mmoja unaozunguka midomo ya watu sita, TB inaweza kupita hapo na malengelenge ya mdomo pia.

Mwaka 2016 serikali ilitangaza marufuku ya shisha nchini, wengi tunakumbuka lilivyosemwa lile jambo, lakini mzazi usitegemee tangazo likulelee mtoto. Muulize binti yako kwa upole, birthday ya fulani kulikuwa na shisha? Akikwambia ndio, kakuamini, usiharibu. Mwambie ukweli wa mkaa na wa ile namba 100. Mabinti nao hawapendi kudanganywa.

Vepu je? Nimeona kitu kama flashi kwenye begi la mtoto, kinanukia embe.

Hiyo huenda ni vepu, sigara ya umeme. Haina moshi wa kuungua kama sigara ndo maana watu wanasema ni salama, ila nyingi zina nikotini, na nikotini ndo inayonasa na ndo inayovuruga ubongo wa kijana kwenye umakini, kujifunza na hasira za ghafla. Kibaya zaidi hainuki kama sigara, anaweza kuvuta chooni shuleni akarudi darasani mwalimu asijue. Na kama nyumbani kuna mdogo wake wa miaka miwili mitatu, ile chupa ya maji ya vepu iwekwe mbali kabisa kwa sababu akiinywa ni sumu, mkimbizeni hospitali.

Mimi mwenyewe navuta. Nitamwambiaje mwanangu asivute?

Baba, wewe ndo una nguvu kuliko mtu yeyote kwenye hili, nasema kwa moyo wote. Wengi wanakaa kimya kwa sababu wanaona hawana haki ya kusema, na mtoto anausoma ule ukimya kwamba ni ruhusa. Mwambie ukweli: nilianza nikiwa na umri kama wako, nilidhani nitaacha nikitaka, nimejaribu na inanisumbua, sitaki uingie huku. Mtoto hawezi kukujibu kitu hapo. Haujitukuzi, unamwambia unachokijua kutoka ndani.

Ila kuna mambo matatu ya kufanya hata kama hujaweza kuacha bado. Usimtume dukani akakununulie sigara, hata siku moja, hata kama umechoka vipi. Usimwambie akuwashie. Na usivutie ndani, hata dirishani, hata kwenye korido, kwa sababu moshi wako unawafikia wote mliopanga nyumba hiyo na kwa watoto wadogo unaleta nimonia, unaamsha pumu na unaumiza masikio. Watu zaidi ya milioni moja kila mwaka duniani wanakufa kwa moshi wa wenzao na wao hawavuti. Na kama una nia ya kuacha, mwambie mtoto akusaidie kuhesabu siku, watoto wanakuwa wakali sana kwenye hiyo kazi.

Nimekuta sigara kwenye begi lake la shule. Nimchape?

Najua mkono unavyowasha. Baba anataka kuvua mkanda na mama anataka kupiga simu kwa ukoo mzima. Naomba ukae kwanza. Ukimchapa leo atajifunza kitu kimoja tu, kuficha vizuri zaidi. Atakula bigijii, atapaka limao vidoleni, atapitia mlango wa uani moja kwa moja hadi bafuni kabla hajakusalimia, na wewe utadhani ameacha.

Subiri mpaka hasira ishuke, hata kama ni kesho yake. Mkiwa wawili tu mwambie umeona, usimtege kwa maswali ambayo majibu unayo tayari, maana hapo unamfundisha uongo. "Nimeona sigara kwenye begi lako. Sijaja kukupiga. Nataka kujua imeanzaje." Halafu nyamaza, na huo ukimya ndo mgumu kuliko kuongea. Wakati mwingine ni ya rafiki kampa amshikie, wakati mwingine ni kweli anavuta, na wakati mwingine utasikia jambo kubwa zaidi nyuma yake, anaonewa shuleni, au ninyi wazazi mnagombana usiku na yeye anasikia.

Adhabu ya nyumbani iwepo, sisemi umbembeleze. Simu apunguziwe, matembezi ya jioni yapungue, kazi za ndani ziongezeke, na ajue ni kwa muda gani. Ila usimtangaze. Mtoto aliyesemwa mbele ya mashangazi na wapangaji wote anaenda kijiweni moja kwa moja kwa sababu kule ndo wanamheshimu.

Kama kwako mambo yameshakuwa moto na hamsikilizani, tafuta mjomba, baba mdogo au shangazi anayemsikiliza. Kwetu hii kitu ipo toka zamani na inafanya kazi, sio udhaifu wa mzazi.

Ananiambia tumbaku ni zao la biashara, serikali inachukua kodi, ingekuwa mbaya si wangefunga?

Swali zuri na huyo mtoto ana akili, usimfokee. Ni kweli inalimwa, Tabora huko Urambo na Kaliua, Chunya pia, na familia nyingi zinasomesha watoto kwa hiyo kazi. Lakini mwambie na upande wa pili: wanaovuna majani mabichi yenye umande nikotini inapenya kwenye ngozi, wanatapika na kupata kizunguzungu bila kuvuta hata moja, huo ugonjwa unajulikana kabisa. Na miti inakatwa kwa wingi kwa ajili ya kukausha majani. Serikali hiyo hiyo ina sheria ya bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inayokataza kumuuzia mtu chini ya miaka 18, na mwaka 2007 Tanzania ikaridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku. Kwa hiyo kitu kuwa halali dukani hakumaanishi ni salama mwilini.

Anasema inamtoa stresi za mitihani.

Na kweli anahisi hivyo, usimbishie. Kinachotokea ni kwamba nikotini ikishuka mwilini anaanza kukosa utulivu, akivuta inapanda anatulia, anadhani sigara imemtuliza kumbe imeondoa arosto iliyoletwa na sigara ya mwanzo. Mtihani uko pale pale. Wanaoacha wakishavuka wiki za mwanzo wasiwasi wao unapungua, hauongezeki. Cha kumsaidia ni kuangalia stresi yenyewe, kama tuisheni imekuwa nne kwa siku na analala saa sita usiku, hapo mzazi una kazi ya kufanya na wewe.

Marafiki zake wote wanavuta. Nimkataze kutembea nao?

Ukimkataza watakutana shuleni. Mpe maneno. Mtoto akiwa kazungukwa na wenzake watano hana muda wa kukumbuka kemikali 7,000, anahitaji jibu fupi ambalo halimfanyi aonekane mshamba: "nina mechi kesho", "kifua kinanibana", "mama ananusa balaa", "nyie vuteni tu mi sipendi". Fanyeni mazoezi nyumbani, wewe uwe mshkaji unamlazimisha na yeye anakataa, mtacheka lakini siku ya siku yatamtoka.

Na mjaze muda wa kati ya saa 10 jioni na saa 1 usiku, hapo ndo vitu vingi vinaanzia. Mpira, madrasa, kwaya, kusaidia dukani, chochote anachokipenda.

Kama ni bangi?

Hiyo ni habari nyingine kwa sheria, kuna sheria ya dawa za kulevya ya 2015 na mtoto anaweza kuishia polisi. Ila namna ya kuongea ni ile ile, na wengi wanaichanganya na tumbaku kwa hiyo wananaswa na nikotini bila kujua.

Ameshanaswa, anataka kuacha na anashindwa. Tumsaidieje?

Kwanza mpongeze kwa kusema. Halafu mweleze kitakachompata ili asiogope: siku mbili tatu za mwanzo ndo mbaya kuliko zote, atakuwa na hasira, usingizi utamkimbia, kichwa kitauma, atakula sana. Inapungua taratibu na kwa wengi baada ya wiki mbili hadi nne imetulia. Ile hamu yenyewe ikija inakaa dakika chache tu kisha inapita, kwa hiyo asipambane na maisha yote, apambane na hizo dakika. Anywe maji, atafune karanga au muwa, atoke atembee, ampigie mtu simu. Chagueni siku ya kuacha pamoja, isiwe wiki ya mitihani. Tupeni viberiti na vipisi vyote. Na ninyi nyumbani mvumilie maneno makali kwa hizo siku, ni nikotini inaongea.

Mwambie pia faida zinakuja haraka. Dakika 20 toka sigara ya mwisho mapigo ya moyo yanashuka, baada ya saa 12 ile gesi mbaya kwenye damu inarudi kawaida, ndani ya miezi miwili mitatu pumzi inafunguka, mwaka mmoja hatari ya ugonjwa wa moyo imepungua kwa nusu. Kijana aliyevuta kwa mwaka mmoja ana nafasi kubwa sana ya kupona vizuri.

Bigijii na plasta za nikotini zipo na zinasaidia watu wazima, lakini kwa aliye chini ya miaka 18 usiende kununua famasi kichwa kichwa, muone daktari kwanza. Na kama anakohoa wiki mbili au zaidi, awe anavuta au havuti, mpeleke akapimwe TB.

Aliacha mwezi mzima, juzi nimemnusa tena.

Kawaida sana, wengi wanajaribu zaidi ya mara moja kabla hawajaacha kabisa. Usiseme "nilijua tu". Muulize ilikuwa wapi na nani alikuwepo, mtaona pamoja ni sehemu gani inamwangusha, halafu mchague siku nyingine. Mwezi aliokaa bila kuvuta haujapotea.

Duka la Mangi hapo mtaani wanawauzia watoto wa shule. Nifanye nini?

Nenda kaongee naye kwanza kama jirani, bila kelele, saa ambayo hana wateja. Wengi wa hawa wenye maduka wana watoto pia, na wengine hawajui kama sheria ya 2003 inawahusu hata wao wenye fremu ndogo. Mkienda wazazi watatu wanne ni bora zaidi, maana mnaonunua unga na mafuta hapo ni ninyi. Akiendelea peleka kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mwambie mwalimu mkuu, mtaje duka na saa mnazowaona watoto pale.

Sina mtu wa kuniongoza. Nimpigie nani?

Anza na shule, muulizie mwalimu wa malezi, sio wa nidhamu. Kituo cha afya chochote cha serikali kilicho karibu nawe mnaweza kwenda na mtoto mkaongea na daktari au nesi. Na kuna namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, ni bure, anaweza kupiga mwenyewe au ukapiga wewe mzazi. Mwandikie kwenye karatasi uibandike karibu na mlango wa chumba chake, usimpe hotuba nayo, mwache aione.